Nilivyoibandua sura ya ex nyuma ya simu, kesho yake naenda ukweni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hapa sitii chumvi hata punje, anayebisha aje Runazi nimwonyeshe simu yenyewe.

Mnavijua vile vishikio vya mviringo vinavyobandikwa nyuma ya simu, unapitisha vidole ili isidondoke? Changu kilikuwa na picha. Mimi na ex wangu, mashavu yamegusana, tumechapishwa pale Biharamulo mjini enzi mapenzi yametutoa akili.

Ex alishaolewa zamani. Kishikio kikabaki.

Siyo kwamba nilikuwa bado nampenda. Gundi ilikuwa imeshika, na mimi ni mvivu. Eleweni hivyo.

Sasa nikapata mchumba, Editha, binti wa Nyakisasa kule Ngara. Kwao ni Wahangaza, Wakatoliki wa kutokosa misa, baba yake mwenyekiti wa jumuiya. Sisi ni Wasukuma tuliohamia na ng'ombe, kwa hiyo tayari nilikuwa naangaliwa kwa jicho la pembeni. Ikabaki siku moja niende na baba mdogo kujitambulisha. Editha akanipigia, akasema kwa upole kabisa:

"Ukiwa na hiyo picha, kwetu usije."

Upole wake ulinitisha kuliko kelele. Nampenda yule binti wakuu, sioni aibu kusema.

Nikaanza na kisu cha jikoni. Kikateleza, kikaacha mkwaruzo mrefu mgongoni mwa simu. Ex hata hakutikisika.

Muda huo nilikuwa nanyoosha shati la kesho kwa pasi ya mkaa. Akili ikaniambia gundi inaogopa moto. (Akili yangu hii hii, ndiyo.) Nikailaza simu kifudifudi, nikagusisha pasi pale kwenye kishikio. Kugusa tu.

Harufu ya plastiki ikapanda, simu ikatoa onyo la joto kali, ikazima. Ex bado anatabasamu, shavu lililoyeyuka ni langu.

Nikakaa chini, nikaogopa kweli. Ilipopoa ikawaka, nikamshukuru Mungu, lakini kishikio kipo pale pale na sasa kinatisha hata watoto.

Nikaenda dukani kwa Mama Kulwa kununua wembe. Nikampa shikamoo yake, akaitikia huku anaiangalia simu, akauliza imepatwa na nini. Nikamsimulia yote. Wembe akaninyima.

Mama Kulwa mche wa sabuni huukata kwa uzi mwembamba wa nailoni. Vipande vinatoka sawasawa, bila makombo. Akaniambia nizime simu. Akajaza chupa maji ya moto, akaizungushia kitenge, akailaza juu ya kishikio kama dakika tano, gundi ipate uvuguvugu tu. Kisha akapitisha nailoni kwa chini, akawa anavuta huku na huku taratibu, kama yuko kwenye sabuni.

"Mwanangu, kitu kilichoshika hakinyofolewi," akasema. "Kinakatwa."

Kikadondoka.

Gundi iliyobaki tuliisugua kwa kidole gumba mpaka ikajiviringa na kutoka. Mabaki tukafuta kwa pamba yenye spiriti kidogo, mbali na tundu la chaji.

Kesho yake tukafika Nyakisasa. Wazee wakaongea vizuri, baba mkwe mpaka akacheka. Tulipopata nafasi ya kusimama nje, Editha akaomba simu. Akaigeuza, akapapasa pale palipokuwa na kishikio, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikavimba.

Halafu akafungua majina, akashuka moja kwa moja mpaka kwa "Fundi Pampu".

"Gundi umeiweza," akasema. "Na huyu?"

Sijui alijuaje. Kwetu hatuna pampu, tunachota kisimani. Nikafuta jina mbele ya macho yake. Akanirudishia simu, akaingia ndani kusaidia kupakua chakula, nami nikajua nimepokelewa.

Funzo ni kwamba kisu, wembe na pasi mviache. Joto la wastani, nailoni na subira. Tena fanyeni mapema, msingoje safari ya ukweni iwakute kama mimi.

Ila naomba msaada kwa wenye uzoefu. Ile namba ya ex naijua kwa kichwa, tarakimu zote kumi, na imegoma kutoka. Huko kichwani ninyi mnatumia nini?