Sauti ya Suzanne mu Masini

Zamani, kama uko na ndoa ku Kamina, ao kilio, na unapenda majina ya bantu ipite ku film na rangi, ulikuwa unaenda nyuma ya gare ya train, kwa Zacharie Nyembo. Leo bantu banafanya yote ku telefone, paka na kidole tu. Zacharie alibakia na masini yake: ordinateur ya zamani, clavier ya kuandikia na ubongo mu kisanduku kimoya. Frère moya wa mission alimuachiaka ile masini mbele ya kurudia kwabo. Juu ilikuwa inatembea polepole sana, frère alitiaka ndani carte ya mbio, na processeur, ubongo mupya yenye banaita soixante, makumi sita.

Sasa siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga ya Suzanne, bibi yake mwenye alimuoa, ilikuwa inakaribia, na masini ilikatala kuwaka.

Kama ingekuwa juu ya kazi, Zacharie angeiacha. Kazi yenyewe iko wapi? Lakini ndani mulikuwa sauti ya Suzanne. Mu ugonjwa yake alimuimbia nyimbo ya bankambo, mababu yabo ba ku Sanga, kule ku ziwa Kisale. Inaita majina yote, moya nyuma ya ingine, na jina ya mwisho inakuwa ya mama ya ule mwenye kuimba. Mama Kapinga, mama ya Suzanne, hakumukuta mutoto wake muzima. Train ilichelewa, alikuta banarudia ku makaburi. Zacharie alimutumia habari: usilie sana, siku ya kutosha kilio utamusikia, atakuita.

Masini iliwaka, ikaandika mustari moya ya kusema inakosa fichier moya, faili yenye banaita quarante, makumi ine, ikakauka pale-pale.

Zacharie alijua ile fichier. Yeye mwenyewe njo aliifutaka, asubui ya ile nyimbo. Disque, ghala ya masini, ilikuwa karibu kujaa na ndoa ya bantu, na ndoa ya bantu haifutwe, siku moya benyewe banakuya kuiomba. Alitafuta kintu yenye haina mwenyewe. Akaona ile kafichier yenye namba ya processeur ingine. Carte yangu ni soixante, akajisemea, quarante ni ya kazi gani? Akafuta. Masini ikaendelea sawa tu, juu ilikwisha kuisoma wakati ilikuwa inawaka. Akageuza écran ku ukuta, mwangaza ilikuwa inaumiza Suzanne macho. Akaambia masini ishike sauti, akamushika Suzanne mukono, akamuacha aimbe. Kisha akazima.

Kisha Suzanne alikufa, na muntu wa kufiwa hashike kazi mu kilio. Masini ililala chini ya kitambaa mupaka sasa.

Ramazani alikuya kusaidia. Huyu ni rafiki yake tangu butoto, wa jamaa ya Maniema, anauzisha radio na chargeur ku soko. Njo yeye alikuwa anapitisha maneno kati ya Zacharie na mama Kapinga, juu mwanaume hasemi na mama mukwe wake uso kwa uso. Bukwe njo vile.

"Zacha, hii kintu yako ni muzee kunipita," Ramazani akasema. "Haitaki dawa, inataka padri."

"Tafuta ku telefone, uache maneno."

Kwanza balitafuta mu bintu ya frère. Mulikuwa disque ya masini ingine yenye ilikufaka, na ndani quarante ingine. Zacharie alifinya bouton zote mbili za souris, masini ikamuuliza inapaswa kuanza namna gani, akaichagulia ianze bila kusoma kintu. Ikawaka ivyo, uchi. Akaunganisha ile disque ku masini, akaiambia isome quarante yake mu fasi ya ile yenye ilifutwa, akazima, akawasha. Ikawa mubaya kupita mbele: écran mweupe, tac, inaanza tena. Écran mweupe, tac. Kama muntu wa kwikwi.

Ramazani akaendelea kusoma Kifaransa ya bantu ba mbali ku telefone, midomo inatembea. Mwisho akacheka.

"Sikia. Masini yako ilizaliwa mbele ya soixante, haiijue. Inajua kuita paka quarante tu. Sasa benye kutengeneza carte balifanya kaquarante ka bongo, ka kudanganya masini. Kazi yake ni kuitika, kisha kuita soixante. Weye ulifuta ka bongo, na leo umetia ya kweli. Ya kweli haisikilizane na carte yako."

"Ile kadogo njo inaita soixante?"

"Njo yenyewe. Iko sawa na minyi. Mama mukwe wako ananiambia, minyi nakuambia. Minyi niko bure kabisa, lakini ukinitosha katikati, hamusemezane tena."

Zacharie akacheka kidogo. Kisha akakumbuka. Kaquarante ka bongo kalikuwa ku disquette yenye ilikuya na carte, na disquette Suzanne alizifungaka mu pagne, kitenge yake, juu vumbi isiingie, akatia mu valise yake. Na valise, jamaa yake balienda nayo ku Sanga, pamoja na bintu yake yote, namna inapaswa.

"Nimuombe mama mukwe wako?" Ramazani akauliza.

"Kuomba bintu ya marehemu kwa babukwe? Batasema minyi nilimuoa juu ya masufuria yake."

"Basi siku ile utamuonyesha nini? Écran mweupe?"

Zacharie alirudisha kitambaa juu ya masini.

Mama Kapinga alishuka train ya Bukama mbele ya siku yenyewe, amekonda, amefunga kilemba ya nyeusi. Alikuwa na pagne moya mu mikono, ya kurudisha kwa bwana ya mutoto wake, ya kusema hakuna kisirani kati yabo. Akamupa Ramazani.

"Muambie iko na kintu nguvu ndani. Fundo ni ya mutoto wangu. Sikuifungua."

Zacharie alifungua ile fundo na meno. Disquette zilinuka maji ya ziwa. Ya carte ilisomwa na kelele kama kusaga mahindi, lakini ilisomwa. Disque ikasema hakuna nafasi. Akafuta ndoa ya Jessé, ule wa kutengeneza vélo, bila kufikiri mara mbili, akatosha disque ya frère, akatia kaquarante. Masini ikawaka muzuri, haraka, kama hakuna kintu kilipita. Hakutaka kusikia nyimbo yeye peke yake. Alitaka basikie wote pamoja.

Siku ya kutosha kilio, balitia haut-parleur mu kiwanja, chini ya bâche. Zacharie alikaa ku masini, mugongo kwa mama mukwe. Sauti ikatoka. Ilikuwa yeye kabisa, na kikohozi yake katikati. Bamama balilia, kisha bakanyamaza juu ya kusikia majina. Suzanne alikuwa anapanda mu jamaa yake polepole, anashuka upande wa bamama.

"Numbi, mama ya mama yangu," Suzanne akaimba. Akavuta pumuzi.

Na ikakatika.

Zacharie aliangalia écran. Disque ilijaaka pale. Siku ile, écran imegeukia ukuta, hakuona. Suzanne aliendelea kuimba mupaka mwisho, na masini ilikwisha kufunga masikio. Akahesabu mu kichwa ukubwa ya kaquarante. Kwa kuifuta siku ile, alipataka nafasi ya jina moya tu. Ya Numbi, labda.

Nyuma yake mama Kapinga alingoja. Alingoja sana.

"Ramazani," akasema polepole, "muulize: na minyi?"

Kati ya kiti yake na mugongo ya Zacharie hakukuwa hata nafasi ya mbuzi kupita. Ramazani alimuangalia mama, akamuangalia Zacharie. Ile neno hakuipitisha.

Zacharie alitia mukono ku souris, akarudisha nyimbo ku mwanzo.