Chupa Niliyompa Dada

Jamani, sumu ilitoweka ndani ya chupa iliyokaa juu ya meza yangu, nami nikafurahi.

Kazi yangu ni kupima majitaka ya mashimo ya vyoo. Maabarani tunayapitisha kwenye mabomba ya mchanga na vumbi la mbao, tuone bakteria wanakula naitrati kiasi gani kabla haijafika visimani. Naitrati haina rangi wala ladha, lakini kwa mtoto mchanga ni balaa: huzuia damu yake kubeba oksijeni.

Harufu nimeshaizoea. Mke wangu bado.

Dada yangu alikuwa amejifungua, mtoto akawa ananyweshwa maziwa ya kopo. Akaniomba nimpimie maji ya kisima chao. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo.

Nikamchukulia chupa kwenye rafu yangu. Ilishabeba majitaka, nikaisuuza juujuu tu. Ikarudi imejaa maji ya kisima, kazi zikanibana, ikakaa kwenye joto siku nne.

Nilipopima, naitrati ilikuwa karibu sifuri. Nikaandika cheti kwamba maji ni salama, nikatia saini, nikampelekea mwenyewe huku najisifu.

Wiki tatu baadaye shemeji akanipigia kutoka hospitali. Mtoto midomo ya bluu, kucha za bluu.

"Daktari aliuliza kuhusu maji," akasema. "Nikamwonyesha cheti chako. Sasa wameacha habari ya maji, wanatafuta ugonjwa wa moyo."

Bakteria wa majitaka walibaki ndani ya ile chupa, wakala naitrati yote kabla sijaipima. Kitu ninachokipima kila siku kilinipita mbele ya macho.

"Shemeji, mpe daktari simu," nikasema. "Cheti changu si cha kweli."

Nikasikia sauti ya daktari.

Nilipofika walikuwa wameshamwekea dawa kwenye dripu. Nikasimama nje ya kioo, mikono mitupu, mtaalamu mzima. Sikuwa na la kufanya.

Jioni rangi ikaanza kumrudia. Dada akatoka, akakaa karibu yangu. Nilitamani anitukane.

"Kabla ya cheti chako nilikuwa namnunulia maji ya dukani," akasema taratibu. "Kisima nilianza kukitumia kwa sababu yako."

Mtoto amepona. Mimi bado.

Wewe unayewasaidia ndugu zako kwa ujuzi wako, wafanyie kama wageni. Mgeni ningempa chupa mpya.