Maiki ya Mlango wa Jikoni

Wakati huo nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa na chumba kimoja cha kurekodia nyuma ya duka la nguo hapa Garsen, nimebandika trei za mayai ukutani, na nilikuwa nimetazama video za kutosha kujua kwamba maiki ikisogea upana wa kidole kimoja mbele ya spika ya gitaa, dunia nzima hubadilika. Walimu wangu walikuwa watu wa ng'ambo wenye vyumba vya zulia, ambao hawajawahi kufukuza mbuzi katikati ya somo. Niliwaamini wote.

Ndipo mkaza mjomba akaja kutoka kijijini kando ya mto, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza shida yake. Vidole vya mjomba vilikuwa vinakauka. Baridi yabisi ilikuwa imeshashika viwili vya mkono wa kushoto, na daktari alisema vilivyobaki vitafuata. Alitaka wimbo mmoja tu, ule ambao mjomba huupiga kila asubuhi akingoja uji, uwekwe kwenye simu yake kabla mkono haujafunga. Nikamwambia aondoe shaka, amefika kwa fundi.

Nilikwenda na maiki mbili. Moja niliinunua Mombasa, inalala kwenye kisanduku chenye sponji. Ya pili niliiazima kwa mnadi wa soko la mifugo, mzee wa Kiorma aliyezoea kuipigiza mezani ili watu wanyamaze, mpaka ikabonyea kichwa. Hiyo niliichukua kwa huruma tu.

Mjomba ni mchonga mitumbwi. Gitaa lake ni la umeme, na kasha la spika alilitengeneza mwenyewe baada ya mafuriko kuchukua la kwanza. Ni mwembe mtupu, viungo vimetiwa kalafati ya pamba na lami, na mbele, mahali ambapo wengine huweka kitambaa chepesi, amewamba ngozi ya mbuzi. Alinieleza kwa fahari kwamba alilijaribu mtoni na halikuingiza hata tone. Sifa hiyo walimu wangu walisahau kuitaja. Nilipomwomba tuitoe ngozi, alinitazama kama niliyeomba kutoboa mtumbwi.

Basi nikapiga magoti mbele ya ngozi ya mbuzi, nikitafuta kwa sikio katikati ya spika nisiyoiona. Nikaiweka maiki ya Mombasa vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Mjomba akapiga wimbo mzima, vizuri kabisa. Nikasikiliza kwa hedifoni, nikaona sauti ni nzito mno. Nikaisogeza kushoto, akapiga tena. Nikaiinamisha kidogo, akapiga tena. Kila baada ya wimbo alichovya mkono kwenye bakuli la maji ya moto, akaupangusa kwa shati, akasema, "Sawa, mjomba," maana fundi ni fundi. Alipiga mara saba. Ya saba ilitoka safi, nikajipongeza kimoyomoyo.

Nikampelekea mkaza mjomba hedifoni jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaivua.

"Amepiga vizuri," alisema. "Lakini huyu simjui."

Nilikasirika. Nikamweleza habari za pembe, za vidole viwili, za watu wa ng'ambo. Alinisikiliza huku akikoroga uji, halafu akanionyesha kigoda chake mlangoni, akaniambia nikae. Nikakaa. Mjomba barazani alikuwa akijaribu nyuzi, na pale jikoni sauti ilitufikia kwa nyuma ya kasha, kupitia ubao wa mwembe, ikakata ua na kuchanganyika na sufuria. Ilikuwa nyembamba, tamu, na haikufanana hata kidogo na ile niliyoichonga asubuhi nzima.

"Mimi nimemsikia hapa tangu nilipoolewa," alisema.

Watu husema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na ujuzi mwingi mno hata nisiulize swali moja dogo, kwamba atakayesikiliza hukaa wapi.

Waya wa maiki ya Mombasa haukufika jikoni. Wa mnadi, aliyezoea kutembea katikati ya ng'ombe, ulifika na kubaki. Nikaitundika ile maiki iliyobonyea kwenye msumari wa ungo, nikamwomba mjomba apige mara ya nane.

Alifika nusu. Tukasikia nyuzi zikikwaruza, kisha kimya. Mjomba akasema kutoka barazani kwamba maji yamepoa. Mkewe akachemsha mengine, akampelekea, lakini mkono haukufunguka, siku ile wala baadaye.

Niliona aibu ambayo bado ninayo. Nikamwambia mkaza mjomba ukweli, kwamba vidole vya mumewe nimevimaliza mimi, kwa kusogeza maiki.

Hakubisha. Alinipa simu yake.

"Nitilie hiyo nusu," alisema. "Iliyobaki naijua."

Sasa kila asubuhi huiweka simu kwenye kigoda na kukoroga uji. Gitaa linapokatika yeye huendelea kwa mdomo, na akikosea, mjomba humsahihisha kutoka barazani. Zile saba ziko kwenye kompyuta yangu, safi, hazina hata mlio wa mbuzi. Hakuna aliyewahi kuziomba.