Fuso ya Ditram na Chuma cha Baba

Ditram ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kama kuna mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa magari ni yeye. Wenzake pale kijijini kwetu Kidete wakiwa mtoni wanaogelea, yeye amekaa kando ya barabara anasubiri lori lipite anuse moshi. Alipomaliza darasa la saba akapanda lori la mtu kama tingo, msaidizi wa dereva, na hakushuka miaka kumi na saba. Alianza utingo, akawa dereva wa kushika zamu, mwisho dereva kamili, lakini siku zote wa magari ya watu, ya kwake hana hata tairi. Akirudi nyumbani anakaa na baba anamweleza habari za gia na springi. Baba naye anamweleza habari za reli, kwa sababu Mzee Vitalis alitengeneza njia ya reli miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Mimi nawapikia, nawasikiliza, na nawaambia waziwazi kwamba wote wawili wana chuma kichwani.

Mimi ni Magreti, dada yake mkubwa. Nina mdomo, najua, msinikumbushe.

Sasa, shamba letu lilikuwa kando ya mto Mkondoa. Zamani ilikuwa bahati, siku hizi ni balaa. Kila masika mto unakata kipande, leo migomba mitatu, mwakani tuta zima la mahindi. Tulipanda matete, tukapanga mawe, mto ukapita nayo. Ilifika siku baba akasimama ukingoni, akapima kwa macho, akasema, "Uzeni hiki kipande cha juu kingali kipo. Ditram anunue gari." Nilibisha, nikalia, nikanuna siku mbili. Halafu nikaenda kuangalia ule ukingo mwenyewe, nikarudi, na shamba likauzwa.

Kwa hiyo muelewe vizuri. Ile Fuso haikuwa gari la Ditram peke yake. Ilikuwa shamba letu lote, tumelifunga magurudumu. Ikifa, hatuna pa kushika jembe.

Tulikwenda kuinunua Makambako. Na mimi nilikwenda, sikubali pesa ya shamba itoke bila macho yangu. Mwenye gari alikuwa anaitwa Lusekelo, mtu mpole, ametukaribisha chai kabla ya kutuonyesha kitu. Fuso yenyewe ilikuwa kuukuu, mlango wa kushoto unafungwa kwa mpira, kutu imekula ngazi. Nikamnong'oneza Ditram, "Hili ni gari au kaburi la gari?" Wala hakunisikia. Aliweka kiganja juu ya injini kwanza, kuona kama ilikwisha kuwashwa mapema ili kuuficha ugonjwa wake. Ilikuwa baridi. Akasema iwashwe, ikaitika mara moja. Akafungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma, akaweka uso pale aone inavyopumua. Akalala chini ya gari, akakaa huko mpaka chai yetu ikapoa.

Alipotoka ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake. "Dada, injini ni nzima. Mengine yote ni bati na rangi." Sijawahi kumwona mdogo wangu na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yake.

Tatizo lilikuwa moja. Fuso ilikuwa fupi, ina boksi nyuma, ilikuwa ikibebea vitu vya dukani. Gari la kubeba mahindi linatakiwa refu, lenye bodi ya mbao iliyo wazi juu. Ikabidi tuipeleke Kilosa kwa Mudi, fundi wa kuchomelea, aondoe boksi, akate chesisi katikati, aiongeze urefu, kisha aongeze majani ya springi nyuma. Kukata gari katikati! Siku ile moto ulipoanza kuruka mimi nilitoka nje nikasimama barabarani, roho juu.

Mudi alisema penye kiungo pale panataka chuma kinene cha kushika pande zote mbili, na kwamba kizuri kinapatikana Morogoro. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilisema, "Mkahangaike Morogoro kutafuta nini, na mataruma ya baba yamelala pale nyumbani?"

Mataruma ni yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba. Yetu yalikuwa ya chuma, marefu, yenye umbo la mtumbwi uliopinduliwa. Walipobadilisha njia miaka ile, mabovu yalirundikwa kando, na nyapara wa baba, marehemu Kornelio, akawaambia watu wake kila mmoja achukue machache akatengenezee kivuko cha kwake. Baba alibeba manne. Tumevuka mfereji wa mbele ya nyumba juu ya mataruma yale tangu mimi sijavunja ungo. Yamepitiwa na harusi na majeneza, na hayajawahi kupinda hata kidogo.

Baba aliposikia wazo langu uso wake wote ulichangamka. Mzee wa watu, gari linanunuliwa, yeye hana cha kuchangia zaidi ya shamba ambalo mto ulikuwa unalichukua hata hivyo. Sasa amepata. Alisafiri nayo mwenyewe mpaka Kilosa, amekaa juu ya yale mataruma kwenye pikapu ya jirani, hataki kukaa mbele. Mudi aliyaangalia, akayagonga kwa nyundo, akakubali kwamba chuma cha namna ile siku hizi hukioni.

Kila taruma lilikuwa na alama za reli, herufi na mwaka, zimetokeza juu ya chuma chenyewe. Mudi akachukua mashine azisage, pawe laini. Baba akamshika mkono.

"Mwanangu, unafuta nini?"

"Alama, mzee. Ni vizuri zaidi zisionekane."

"Kwani nimeiba? Anayefuta alama ni mwizi. Hivi vyuma nimepewa mchana kweupe, watu wanaona. Ziache hivyohivyo."

Mudi alimtazama Ditram. Ditram alinitazama mimi. Na mimi, badala ya kusema kitu cha maana kwa mara moja katika maisha yangu, nilisema, "Mzee kashasema, endelea." Nakwambia sisi watu wa reli tuna wazimu wetu. Kitu chochote cha reli kwetu ni kama kitu cha kanisani, hakuna wa kukuuliza. Mudi alichomelea, alama zikabaki nje, na baba akaomba zipakwe rangi nyeupe zisomeke.

Bodi ilijengwa, ikapakwa kijani. Fuso ikawa ndefu, imesimama, ukiiona huwezi kuamini ni ile ya mpira mlangoni. Kazi ikapatikana kabla hata rangi haijakauka sawasawa. Mnunuzi mmoja wa Mikumi alikuwa anakusanya mahindi ya wakulima wa Masanze, akamwambia Ditram: leta safari ya kwanza salama, na mzigo wote wa msimu ni wako. Msimu mzima! Ditram alipiga hesabu ya safari kwa vidole, ikaishia kwenye vidole vyangu.

Tulipakia Masanze alfajiri ikiisha, tukafika barabara kuu asubuhi. Njia nzima Ditram alikuwa na hofu moja tu, mzani. Ghala la mnunuzi lilikuwa ng'ambo ya mzani, hakuna ujanja. Alisema gari likirefushwa nyuma, uzito unaweza kuegemea tairi za nyuma hata kama mzigo ni wa halali. Alikuwa amepanga magunia mwenyewe, mazito mbele, mepesi nyuma, ameyapangua mara mbili mpaka wapakiaji wakamtukana. Tulipopanda juu ya mzani mimi nilishika rozari yangu.

Karani akatoa kichwa dirishani. "Uzito upo sawa, dereva. Sogea mbele."

Jamani! Nilipiga kigelegele palepale, madereva wa malori makubwa wakageuka. Ditram aliweka paji la uso kwenye usukani akabaki hivyo, mabega yanamtikisika. Nilimpiga mgongoni nikamwambia, "Twende bwana, unalia nini, umeshinda."

"Kadi ya gari," akasema askari aliyekuwa pembeni.

Ditram akampa. Kadi ilikuwa bado na vipimo vya zamani. Alikuwa amejaza fomu za kubadilisha, majibu hayajarudi, akamwonyesha na zile karatasi. Askari hakufoka. Alisema basi aangalie tu hicho kiungo kama ni imara, kwa usalama wetu wenyewe. Akainama. Alikaa ameinama muda mrefu, kisha akamwita mwenzake, naye akainama. Nikasikia wanasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na mwaka. Rangi yetu nyeupe ilisomeka vizuri kabisa.

"Hiki chuma cha reli mmekitoa wapi?"

Nilieleza mimi. Nilieleza habari ya Kornelio, ya mfereji, ya majeneza yaliyopita juu yake. Nadhani nilieleza mno. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna karatasi. Karatasi! Mtu amekwambia chukua kavukie mfereji nyumbani kwako, unamdai karatasi? Akasema chuma cha reli kikikutwa kwa mtu binafsi lazima kielezwe, na bila maelezo ya maandishi yeye hana uwezo wa kuliachia gari.

Ditram alilala mahabusu usiku ule, na Fuso ikaegeshwa uani kwenye kituo cha polisi. Asubuhi mnunuzi akaja na lori jingine. Hakutukana, hakudai, alinipa hata pole. Vijana walihamisha magunia yote tuliyoyapanga, wakayarusha hovyohovyo, na dereva wa lile lori akaniambia kwamba msimu huu kumbe ni wa kwake. Nilikaa juu ya jiwe nikayaangalia yanaondoka. Sikuwa na cha kufanya, kwa hiyo nilikaa tu.

Alasiri baba akafika. Sijui nani alimpigia, si mimi. Amevaa koti lake la kazi la zamani, amenyoa ndevu, ana bahasha ya barua yake ya kustaafu. Alikuwa na uhakika kabisa, jamani. Alitembea kuingia pale kituoni kama mtu anayekuja kuwasaidia.

"Shikamoo mzee," askari wa kaunta akasema, akasimama, akamtafutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumaliza hili jambo. Vyuma ni vyangu, nilipewa kazini."

"Nani alikupa, mzee?"

"Nyapara wangu, Kornelio."

"Tunampata wapi?"

Baba akafikiri kidogo. "Amezikwa Munisagara."

Askari akaandika. Akauliza wengine waliokuwepo, baba akawataja mmojammoja, na kila jina kaburi lake. Alipofika la sita sauti yake ikaanza kupungua. Akatoa barua ya kustaafu. Askari akaisoma yote kwa heshima, akamrudishia, akasema inamsifu sana ila haiyataji mataruma.

Wakamtoa Ditram. Afande mkubwa akaeleza kwamba gari litabaki kama kidhibiti mpaka kesi iishe, na kesi za namna hii hazina haraka. Ila lazima maelezo yaandikwe, mwenye chuma ni nani.

"Mimi," Ditram akasema. "Niliokota mwenyewe njiani. Mzee hajui kitu."

"Muongo huyu!" Baba alisimama. "Yeye hajazaliwa wakati mimi nayabeba. Andika Vitalis. Na alama ni mimi niliyekataza zisifutwe, muulizeni fundi."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Niligonga ile kaunta, nikasema waniandike mimi, wazo lilikuwa langu, bila mdomo wangu wangenunua chuma Morogoro na leo tungekuwa tunapakia safari ya pili. Nilisema kweli yote, kwa sauti yote niliyo nayo.

Afande aliniangalia kwa huruma. "Mama, hatumkamati mtu kwa wazo."

Kwa kuwa mwenye chuma sasa ni baba, Ditram aliruhusiwa kujidhamini mwenyewe, akasaini. Alikuwa anamlilia baba abadilishe maneno, na baba alikuwa hamtazami, anatazama kalamu ya askari kama bado inaandika sawasawa. Jina lake likaingia kitabuni. Nilisubiri mtu aseme kwamba mzee wa umri ule hawekwi ndani, kwamba aende nyumbani arudi kesho. Afande alisema mdhamini wake lazima awe na barua ya serikali ya kijiji, na Kidete ni mbali, na siku ile ilikuwa Ijumaa, ofisi zimeshafungwa mpaka Jumatatu.

Askari yule wa kaunta, ambaye ni sawa na mjukuu wake, akazunguka akaja upande wetu. Alishindwa kuinua macho.

"Samahani, babu. Utaratibu. Vua mkanda, na viatu."

Mkanda baba alivua mwenyewe. Viatu alijaribu, akainama, mgongo ukakataa, akajaribu tena huku ameshika ukingo wa kaunta. Wote tulikuwa tunamtazama. Nikapiga magoti pale sakafuni mbele ya watu, nikaanza kumfungua kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa mafundo mawilimawili, na hakuna aliyeniharakisha.