Sanduku la Mtu wa Pikipiki

Wako wazee hapa Nakuru ambao ukiwatajia yule Mzungu wa pikipiki, watakushika mkono usiondoke. Watakueleza injini aliyoichora huko kwao, jinsi ilivyouzwa dunia nzima, jinsi ilivyopanda hadi Molo bila kukohoa. Waache waseme. Mimi pikipiki zake nilizijua kwa masikio tu, na sikuzipenda. Miaka ile ya hali ya hatari, katikati ya miaka ya hamsini, askari walizipanda kuja kukagua pasi kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tulikokaa. Ukisikia mngurumo langoni, unauacha ugali motoni uungue, unaanza kutafuta karatasi za mume wako hata kama unajua vizuri ziko wapi. Kwa hiyo mtu asitarajie nimsifu kwa hizo. Kitu chake ninachokikumbuka mimi hakikuwa na magurudumu, hakikuuzwa popote, na sijawahi kusikia wale wazee wakikitaja. Kilikuwa sanduku.

Mdogo wangu alikuwa amekuja kwetu likizo. Alikuwa akisomea ualimu huko nyumbani magharibi, msichana mwenye mdomo, wa kumjibu hata mchungaji. Alianza kwa homa na shingo kukakamaa. Nikampa chai ya tangawizi, nikamwambia aache kudeka. Asubuhi iliyofuata akajaribu kushuka kitandani, miguu ikakataa. Alicheka kwanza, akidhani imekufa ganzi. Kisha akaitazama kwa muda mrefu na hakucheka tena.

Hospitalini, katika wodi yetu sisi Waafrika, daktari alikuwa Mhindi mwenye sauti ndogo. Akanivuta kando akaniambia ugonjwa huu wa kupooza ulikuwa unapanda. Ukishafika kifuani, mgonjwa anasahau kupumua akiwa macho, akili zake timamu.

"Mpaka saa gani?" nikamuuliza, kana kwamba ilikuwa habari ya treni.

"Leo hii," akasema. "Lakini kuna Mzungu mmoja mgeni anakaa huko Milimani kwa ndugu yake. Ni fundi wa pikipiki. Nilimwomba anitengenezee kitu. Hatujakitumia bado kwa mgonjwa."

Kiliposhushwa kwenye lori nilisimama mlangoni nikatanua mikono. Lilikuwa sanduku la mbao, refu kama mtu aliyelala, na mfuniko wake. Seremala aliyeliunda alikuwa amelipiga vanishi. Ukweli ni kwamba lilikuwa jeneza zuri kuliko lolote ambalo ukoo wetu uliwahi kumudu.

"Hapana," nikawaambia. "Hakuna mtu ataweka dada yangu kwa jeneza na macho yake iko wazi."

Daktari alianza kunieleza, nesi akaanza kunieleza, na mimi nilikuwa nimeziba masikio. Yule Mzungu akasogea. Alikuwa mwembamba, koti limempwaya mwilini, kucha nyeusi kwa oili. Alifungua mfuniko, akaingia na viatu vyake, akalala. Kichwa alikitoa nje kupitia tundu la upande mmoja, na shingoni akavuta kola ya mpira iliyokatwa kwa tiubu ya gurudumu. Akamwashiria daktari awashe mota. Chini ya sanduku mvukuto wa ngozi na turubai ukaanza kufunguka na kujifunga. Mvukuto ukivuta hewa ya ndani ya sanduku, kifua chake kinainuka chenyewe, ukiirudisha, kinashuka. Alinitazama kutoka pale chini, akajaribu Kiswahili chake.

"Mimi... hapana fanya... kitu," akasema, maneno yakikatwa kila kifua kilipovutwa. "Sanduku... nafanya."

Nikashusha mikono.

Mdogo wangu aliingizwa humo mchana ule, midomo imeanza kugeuka rangi. Niliona kola ikimbana shingoni na nilitaka kuing'oa. Kisha rangi yake ikarudi. Alijifunza upesi kwamba hawezi kusema wakati anaotaka yeye, ila wakati sanduku linapoachia pumzi. Alisema vipande vipande, mdomo ule ule. "Dada... umenivalisha... nyumba nzima."

Siku zile nilipata nafasi ya kulikagua. Mnyororo uliozungusha mvukuto ulikuwa wa pikipiki. Springi za mfuniko zilikuwa za kiti cha pikipiki. Na upande wa nyuma alikuwa ameweka usukani mzima wa pikipiki, na mpira wake wa kushikia, ili mota ikifa watu wawili wasimame wakitazamana, mmoja ashike huku, mwingine kule, wausukume juu na chini. Niliushika mara moja, nikauachia haraka, nikifikiria mikono ya wale askari. Nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu mtu aliyechora kile kilichokuwa kikinitetemesha langoni ndiye aliyechora hiki kilichompa mdogo wangu pumzi, na alitumia vyuma vile vile.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka. Upepo ulipoamka vumbi jeupe la magadi liliinuka kutoka huko chini likaingia mjini, likaingia kwenye unga, kwenye meno, chini ya milango iliyofungwa. Likaingia pia kwenye mota. Asubuhi moja tulisikia harufu ya waya kuungua, na mvukuto ukasimama umefunguka nusu.

Nesi aliruka upande mmoja wa usukani, mimi nikarukia wa pili. Tukasukuma. Mdogo wangu alitutolea macho, mdomo wazi kama samaki, hadi kifua kilipoinuka tena. Yule Mzungu aliitwa, akaifungua mota, akatikisa kichwa. Hapakuwa na nyingine ya saizi ile Nakuru. Alipanda gari kwenda Nairobi kuitafuta, na sisi tukabaki tukisukuma. Si kazi ngumu kwa dakika tano. Baada ya saa moja mabega yanawaka moto, na huwezi kupumzika hata kidogo kwa sababu pumziko lako ni kifo cha mtu.

Nikatuma ujumbe kwa mume wangu. Alikuwa mwimbishaji wa gengi la reli. Kazi ya mwimbishaji haikuwa kubeba. Alisimama pembeni akaanzisha wimbo, na watu wakaitikia wakivuta. Walikuwa na sheria moja ambayo hata nyapara hakuthubutu kuivunja: chuma kikishainuliwa, hakuna anayeachia mpaka mwimbishaji aseme "tua." Mmoja akiachia mapema, anawavunja wenzake migongo.

Walikuja wametoka kazini, vumbi la kokoto miguuni, wakavua kofia mbele ya sanduku. Wawili wakashika usukani, wengine wakajipanga ukutani kungoja zamu. Mume wangu akaanza. "Haraambee!" Wakaitikia "Hee!" na kusukuma. Siku hizo neno lile halikuwa la serikali bado, lilikuwa la reli. Nilikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na nilisikia raha, nakiri, raha ya kuona wanaume wanaojua kazi yao.

Lakini wimbo wa reli haukai mahali pamoja. Umetungwa ili chuma kianze polepole na kiishe mbio. Wao hawakujua wanaongeza mwendo, miili yao ilijiongeza yenyewe. Mvukuto ukawa unapiga kofi. Nilimwona mdogo wangu akifumba na kufumbua macho, midomo inamcheza.

"Mna...ni...ki...mbiza," akasema.

"Pole pole!" nesi akapiga kelele. Wakapunguza. Mume wangu akaanza upya kwa upole, na haikufika mbali wakawa wanakimbia tena. Akawanyamazisha waende bila wimbo. Ikawa mbaya zaidi, huyu anasukuma na yule anavuta. Mmoja ambaye kanisa lao ni la ngoma na bendera akajaribu pambio, likawa gwaride. Kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kinaanguka upande. Nikaona tutamuua kwa nguvu zetu wenyewe, wanaume wazima wanaompenda, na nilianza kuwatukana wote kwa lugha ya nyumbani.

Mzee mmoja aliyekuwa ukutani ndiye aliyeanza. Aliuanza ule wimbo wa matanga, ule ambao kwetu unaimbwa jeneza likitoka nyumbani, mguu mmoja na mguu mwingine, hakuna anayeharakisha kwa sababu hakuna anayetaka kufika. Wenzake walimtazama kwa hofu. Kisha wakaitikia, kwa kuwa ni wimbo ambao ukianzwa huwezi kuuacha bila kuitikia.

Nilimrukia. "Unazika nani? Mtu ni mzima na wewe unamwimbia kaburi?"

"Shemeji, ngoja kidogo," akasema, bila kuacha.

"Sitangoja! Toka hapa!"

Kutoka sandukuni ikaja sauti ndogo. "Dada... mwache. Huo... ndio."

Nikatazama. Mvukuto ulikuwa unajaa wote na kutoka wote. Wimbo ule haukujua kukimbia. Nikarudi kukaa chini nikiwa na hasira bado, nikamsikiliza mdogo wangu akiimbiwa mazishi na akipata rangi usoni.

Hivyo ndivyo Mzungu alivyotukuta aliporudi kesho yake mikono mitupu. Mota ingekuja baadaye kwa treni. Alisimama mlangoni, akatoa saa yake, akahesabu midundo miwili mitatu, akairudisha mfukoni. "Nani nafundisha nyinyi?" akauliza.

"Hii ni ya matanga, bwana," mume wangu akamjibu.

Daktari akamtafsiria. Mzungu akamwambia daktari kwa Kiingereza, naye daktari akatuambia, kwamba alikuwa amewaza juu ya mkono utakaochoka, akasahau kuwaza juu ya mkono wenye haraka. Akavua koti akaingia zamu pamoja na wengine. Maneno ya wimbo hakuyajua, alivuma tu.

Zamu zilikwenda hivyo, wanaume wakitoka relini na kurudi relini, hadi alasiri moja lori la maziwa liliposimama nje. Akashuka mama mmoja kutoka mashamba ya juu huko, na mtoto wake amefungwa blanketi. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, na shingo yake ilikuwa inafanya kazi yote ya kifua. Nilijua ninachokiona kabla daktari hajamgusa.

Daktari alikuja karibu na mimi. "Dada yako amepata nguvu kidogo. Nilitaka kungoja siku chache. Huyu hawezi kungoja. Tutasimamisha, tuone."

"Na akishindwa?"

"Ataendelea yeye. Sanduku ni lake."

"Na mtoto?"

Akamgeukia mtoto. Yule mama alikuwa ameketi sakafuni, haombi lolote. Nilimchukia. Nilimchukia yeye na mtoto wake na blanketi lao lililonuka moshi, na leo bado nasema mtu yeyote ambaye angekuwa mahali pangu angewachukia pia.

"Simamisheni," daktari akasema.

Hawakusimamisha. Macho yao yalikuwa kwa mume wangu. Naye alifungua mdomo, neno halikutoka. Mtu aliyekuwa akiwaamuru watu wazima na vyuma vya reli alisimama pale anatikisa kichwa, machozi yanamtoka, na wimbo ukaendelea, na usukani ukaendelea kupanda na kushuka. Daktari akasema tena. Hakuna aliyeachia.

Mdogo wangu alingoja sanduku liachie pumzi.

"Tua," akasema.

Mikono ikaachia, yote mara moja, kama ilivyozoea. Mvukuto ukakaa. Sijawahi kusikia wodi kimya vile. Daktari alikuwa ameinua mfuniko kidogo, ameingiza mkono na kuuweka juu ya mbavu zake, na mimi nilikuwa nimeng'ata kanga yangu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Kisha mishipa ya shingo yake ikatokeza, pua ikatanuka, na kikaingia kitu kidogo, cha juu juu, chake mwenyewe. Kikatoka. Kikaingia kingine.

Daktari akafungua mfuniko wote.

Tulimlaza kwenye machela kando ya ukuta. Nesi akaifuta kola kwa spiriti, mtoto akaingizwa, na kwa vile alikuwa mdogo Mzungu akalipunguza tundu la shingo kwa vipande vya tiubu. Nilisogea nikashika usukani, sikungoja kuambiwa. Mume wangu akaanza wimbo.

Yule mama akaruka kutoka sakafuni. Kumbe hata kwao unajulikana. "Mbona mnaimbia mtoto wangu matanga?" akalia. "Mtoto bado! Mtoto yangu bado!" Akanishika nguo kwa nyuma akinivuta, na mimi sikuweza kuachia usukani, wala sikuwa na pumzi ya kumweleza.

"Mama," mdogo wangu akasema kutoka kwenye machela. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini hakuna kitu kilichoikata. "Waache waimbe. Hata mimi niliimbiwa."

Yule mama akageuka akamtazama. Nguo yangu akaiachia. Akaenda kukaa sakafuni kando ya machela, na asijue la kufanya na mikono yake akamshika mdogo wangu mguu. Ule mguu haukutembea tena. Lakini aliniambia baadaye kwamba mkono wa yule mama aliusikia wote, kila kidole, mpaka jioni.