Mashine iliyopiga hodi ikarudi

Ndugu zangu, mniwie radhi: leo asubuhi nimeifundisha mashine utovu wa adabu.

Binti yangu Agnesi anataka kupika mkate wa mayai wa marehemu mama yake kwa ubatizo wa kesho. Mapishi yamo kwenye diski ya kompyuta yetu ya zamani, iliyokwishakufa.

Siku hizi ipo programu inayoiga kompyuta ile na kuisoma diski yake, na akili mnemba huiendesha yenyewe, mradi uiandikie mwongozo wa kila zana itakayoitumia humo.

Nikauandika. Kwenye zana ya kufungulia faili nikaweka: "Piga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, rudi."

Ikanijibu: "Nimepiga hodi mara tatu. Sikuitikiwa. Nimerudi."

Agnesi alicheka hata akakaa chini. "Baba! Humo ndani nani wa kuitikia?"

Nikafuta, nikaandika kwa uchungu: "Ingia tu."

Ikaingia. Mstari wa kwanza wa marehemu ulisema: "Mume wangu asikaribie jikoni. Atafungua oveni kila dakika kuujulia hali mkate."

Nimetii. Haya nayaandika nikiwa barazani, harufu ikinifikia.

Je, miongoni mwenu yupo mwingine aliyefukuzwa jikoni kwa maandishi?