Dakika Kumi za Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ndiye mkataji wa nguo kwenye karakana ya ushonaji, na watu humchosha kuliko kazi. Si maringo. Vyerehani viko kumi na viwili chumba kimoja, na midomo inakimbia kuliko sindano. Basi mara mbili kwa siku alikuwa anaingia stoo ya vitambaa, anarudishia mlango, anakaa juu ya robota dakika kumi. Akitoka, uso umemrudi. Mimi namwelewa, ni damu yetu hiyo.

Msimamizi wao, wanayemwita Redio, hakumwelewa. Siku moja akatia kufuli stooni.

"Malkia katolewa ndani!" akatangaza, watu wakaangua kicheko. "Dada, hapa tunashona, hatutawi."

"Sawa, kaka," akajibu. Nyumbani jioni alikata vitunguu kama ana kesi navyo.

Redio alikuwa hajui mle stooni kulikuwa kunafanyika nini. Futi yake ya kupimia imekatika inchi mbili za mwanzo. Akipima mteja anatakiwa azitoe kwenye hesabu, ila hadithi ikikolea anasahau. Mama mdogo alikuwa anaingia na daftari la vipimo, na kwenye ule utulivu anamsahihishia kwa penseli. Miaka minne, kimya kimya.

Ikaja kazi ya suruali arobaini za walinzi. Redio akawapima huku anasimulia mpira. Mama mdogo aliliona kosa toka ukurasa wa kwanza. Akakata vilevile ilivyoandikwa, wenzake wakashona.

Walinzi wakaja kuzijaribu. Wa kwanza akapiga saluti, suruali ikamshuka mpaka magotini.

"Nani kakata?" akauliza mwenye karakana, mama asiyependa maneno mengi.

"Mimi. Nimefuata alivyoandika kaka. Zamani nilikuwa namsahihishia stooni, sasa kuna kufuli. Kwenye kelele kichwa changu hakishiki hesabu."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Aliniambia mwenyewe, wala hakuona haya.

Redio akaikunja futi yake, akaitia mfukoni.

Kufuli likatolewa siku ileile, na Redio akaamriwa afumue zote arobaini kwa mkono wake. Mama mdogo akaingia stooni, safari hii mlango akauacha wazi kidogo, asikie nyuzi zinavyokatika. Dakika kumi zikapita, hakutoka. Nusu saa ikapita.

"Dada," Redio akaita, sauti imemnywea, "nisaidie hata tano tu, nakuomba."

"Nimepumzika, kaka," akajibu, akanyoosha miguu.